Kuipima Herufi ya Kitabu

Anayetaka kujua kama kitabu kimepangwa na fundi, aangalie weupe kabla ya wino: nafasi iliyo ndani ya herufi na ile inayoitenga na jirani yake. Neno ninalolitumia kupimia ni "muumini". Lina miguu 14 iliyosimama wima, na hakuna mkia wala kichwa kirefu cha kulipumzisha jicho. Weupe ulio ndani ya m ukaribiane na ule ulio kati ya m na u. Miguu ikisongamana hapa na kuachana pale, msomaji atachoka kabla ya sura ya pili wala hatajua kilichomchosha.

Kisha tafuta a, maana Kiswahili kimejaa a kuliko herufi nyingine yoyote. Tumbo lake ni dogo, na karatasi ya bei nafuu hunyonya wino ukatanuka. Tumbo lililochorwa jembamba huziba, ukurasa mzima ukawa na madoa. Papo hapo linganisha kimo cha a na cha k au l. Herufi ndogo zikiwa fupi mno, matumbo hubanwa. Zikirefuka mno, h inaanza kufanana na n.

Times New Roman, iliyoanza kutumika mwaka 1932 katika gazeti la The Times la London, ilibanwa makusudi ili maneno mengi yaenee kwenye safu nyembamba. Kwa gazeti ni kazi nzuri sana. Kwenye mstari mrefu wa riwaya naiona imekosa pumzi.

Zile fonti zisizo na vijistari vya kufunga ncha za miguu zipime kwa "Ilala". Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni nguzo mbili pacha.

Sasa weka rula chini ya mstari. Herufi ya o iliyochorwa vizuri huzama kidogo chini ya miguu ya n, kwa sababu duara likiishia sawa nayo huonekana limeinuka. Kwenye vichwa vya habari tazama "Tanzania": a ya kwanza iingie chini ya mkono wa T, isiachwe mbali.

Mwisho, ritifaa ya "ng'ombe". Iwe imepinda kama 9 ndogo, tena iwe karibu na o. Ikiisukuma, neno hukatika vipande viwili, na mpangaji makini huirekebisha kwa mkono.