Hongo ya Njia ya Tabora

Wanafunzi wa Usuli wanalijua "mushtarak", tamko moja lenye maana mbalimbali. Neno "quruu" (Al-Baqara: 228) Imam Shafi amelichukua kuwa ni tohara, na Imam Abu Hanifa kuwa ni hedhi, na hesabu ya eda ikatofautiana kwa ajili hiyo.

Kiswahili nacho kina "hongo". Leo ni rushwa, hakuna asiyejua. Kusini, Hongo ni pepo aliyesemekana kumpanda Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe mwaka 1904, kabla ya Vita vya Majimaji; huyo hatuna haja naye hapa. Na katika njia ya misafara ya karne ya 19, toka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji, hongo ilikuwa ni nguo, shanga na nyaya za shaba alizotozwa mkuu wa msafara ili apite katika nchi ya mtemi.

Baadhi ya wahadhiri wetu wakiikuta hongo hii katika masimulizi ya kale, kama yale aliyoyachapisha Carl Velten mwaka 1901, huwateremshia wazee wale hadithi ya kulaaniwa mtoa rushwa na mpokeaji. Hiyo ni haraka. Rushwa hutolewa ili kubatilisha haki au kuisimamisha batili. Hongo ilidaiwa hadharani, na Ugogo watu waliijadili hata siku kadhaa.

Iliyo karibu nayo ni habari ya "rasadi" katika Minhaj ya Imam Nawawi, mlango wa Hija: mtu avizaye njiani achukue mali za wapitao. Mwenye kumkhofu, wala hana njia nyingine, Hija haimwajibikii. Lakini rasadi hana nchi. Mtemi anayo, na maji wanayokunywa wapagazi ni yake. Sisi twaona hongo ni ushuru wa mwenye nchi kwa aliyeingia kwa amani yake. (Kama mizigo yenyewe ilikuwa halali, na humo wamo watumwa, huo ni mlango mwingine.)

Uzito uko hapa. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe aliwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora. Wakampiga vita, wakamsimamisha Mkasiwa mwanzoni mwa miaka ya 1860. Mwaka 1871 wakapigana na Mirambo juu ya njia ya Ujiji. Tozo hizo zikiwa ni rushwa, waliozikataa ni wachamungu. Zikiwa ni ushuru, basi aliyeingia kwa amani ya mtu ni haramu kumfanyia khiyana, hata kama mwenye nchi si Mwislamu. Anayewatetea watu wa Tabora kwa hoja ya rushwa atuletee dalili. Wallahu aalam.