Kinu haiko ya kutazama

Katika miji yetu ya Katanga tumezoea kusifu vyombo vya miti vilivyo mbali nasi. Viti vya Baluba, vile vinavyobebwa na sanamu ya mwanamke, wengi wetu tunavijua kwa picha za vitabu tu. Ni haki kuvisifu. Lakini kinu cha jikoni, ambacho nacho fundi alikichonga katika kipande kimoja cha mti, nani anakisifu? Na tukikisifu, tunakisifu vibaya. Mimi mwenyewe nilikosa hivyo.

Nkambo alipofariki nilichukua kinu chake. Nikakipaka verni upande wa nje, nikakiweka katika saloni pembeni ya televizio, karibu na dirisha. Wageni walisema: kizuri! Kiangazi hakikuisha, kikapasuka toka mdomo mpaka karibu na kitako. Mama mukubwa alipitisha kidole katika ufa, akasema: "Kinu haiko ya kutazama, iko ya kutwangia." Kiisha akaomba chai.

Neno lile linafaa kuwa kipimo chetu. Fundi hapimwi kwa mapambo ya nje. Tutazame kitako: shurti kiwe kinene, maana ndicho kinachopokea mtwangio. Tutazame tumbo: shurti literemke kwa mviringo, majani ya sombe yarudi yenyewe katikati. Mti uwe mgumu, usio na harufu wala uchungu. Vinu vingine vinavyouzwa kwa wageni vinang'aa sana, lakini kitako ni chembamba. Hivyo ni sanamu za kinu.

Nusu nyingine ya kazi ni ya mama wa nyumba. Katika kinu kipya anatwanga kwanza pumba na maji, anatupa, anarudia, mpaka vibanzi vya mti viishe. Akimaliza sombe, anakiosha papo hapo na kukisugua kwa maji, bila sabuni, kwa sababu mti unainywa. Anakilaza kivulini juu ya mawe mawili, upepo upite ndani. Hapana juani, hapana juu ya udongo wenye maji na mchwa. Mti ukikauka haraka upande mmoja, upande ule unasinyaa na mwingine hausinyai, ndipo unapasuka. Mimi nilikifunga kwa verni nje, jua la dirisha likakausha ndani.

Wengine watasema: mashini ku soko inasaga sombe kwa dakika chache, kinu ni cha nini? Sipingi mashini. Mama aliyetoka kazini jioni ana haki ya kupumzisha mikono. Lakini tujue tunachoacha. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Kuyaponda kunaifungua itoke, kiisha kuyachemsha muda mrefu kunamaliza kazi. Mashini inaponda pia, ila haielezi. Kando ya kinu ndipo mtoto alipoambiwa: usiharakishe sombe. Mtoto anayeona sombe ikitoka ku soko imesagwa, nani atamwambia?

Fundi mmoja alikizungushia kinu changu pete ya chuma, nami nikakwangua verni yote. Sasa kiko jikoni. Hatukitwangii tena sombe, ni karanga kavu tu, polepole. Watoto wangu ndio wanaokiosha, na wanajua kukilaza kivulini.