Sauti ya Hasira Iliyofunikwa

Katika kazi ya kufasiri, aghalabu si maneno makubwa yamshindayo mfasiri, bali madogo. Maneno ya sheria na ya elimu huweza kuazimwa au kuundwa. Lakini kitenzi kifupi chenye kueleza sauti itokayo kati ya meno ya mtu aliyekasirika hakiazimiki kwa urahisi. Kiingereza kina ukoo mzima wa vitenzi vya namna hiyo. "Hiss" ni sauti ya nyoka na ya mvuke, na pia ni sauti ya mtu asemaye kwa chuki bila kuipaza. "Simmer" ni hali ya chungu kilicho karibu kuchemka, na ya moyo ulio karibu kulipuka. "Seethe" kilikuwa kitenzi cha jikoni, maana yake kuchemsha chakula, na ndivyo kilivyotumika katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Leo hutajwa zaidi kwa hasira kuliko kwa nyama. "Fume" asili yake ni neno la Kilatini la moshi. Kwa ufupi, Mwingereza akimtazama mtu aliyezuia hasira yake, husikia mvuke ukitafuta upenyo.

Mwanafunzi apewapo vitenzi hivi avifasiri, mara nyingi hukimbilia kimoja cha viwili: kufoka au kusonya. Akiona havitoshi, husema kwamba Kiswahili ni maskini. Hukumu hiyo yafaa ipimwe kabla ya kukubaliwa.

Haiwezekani kwamba kilichokosekana ni vitu vyenyewe. Chukua sehemu za Mpanda, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Katavi. Reli ya kutoka Kaliua ilifika huko kwa ajili ya machimbo ya risasi, na katika miaka ya 1950 garimoshi la mvuke lilisimama kituoni likipumua kwa sauti ile ile ambayo Mwingereza huiita "hiss". Katika misitu ya miombo yumo kifutu, nyoka mnene mvivu, ambaye akikaribiwa hujaza pumzi na kuitoa kwa kishindo chembamba kabla ya kuuma. Kwa wakulima wa tumbaku magogo huwaka polepole katika mabani, na tanuri la mkaa hufukuta siku nyingi chini ya udongo. Mwenyeji wa huko, awe Mpimbwe, Mbende au Mkonongo, hahitaji kufundishwa sauti ya mvuke wala joto lililofunikwa. Swali ni namna lugha ilivyochagua kuyatumia mambo hayo.

Basi, tazama jinsi Kiswahili kimtajavyo mtu aliyekasirika akanyamaza. Husemwa amevimba, amefura, amefutuka. Na huyo kifutu, ambaye Kiingereza kingemsifu kwa sauti yake, katika sikio la msemaji wa Kiswahili jina lake linakaa karibu na kufutuka. Hapa hasira haisikiki, inaonekana. Iko shingoni, mashavuni na puani. Kama haionekani mwilini, basi hutajwa kwa moto, nao moto una daraja zake. Moyo hufukuta wakati hakuna ajuaye, hutokota wakati mapovu yameanza, damu huchemka, na mwisho mtu hufoka, kama uji unaomwagika juu ya mafiga. Kwa hiyo anayeandika "alifoka" mahali pa "hiss" amekiuka daraja tatu kwa mruko mmoja. Amekifunua chungu ambacho mwandishi alikusudia kibaki kimefunikwa.

Kusonya nako kuna kosa la aina nyingine. Ni kweli kwamba sauti yake ni nyembamba na hupita katika meno. Lakini kusonya si hasira tu. Ni dharau iliyokusudiwa isikiwe. Mtoto akimsonya mzazi ametukana, hata kama hakutamka neno. Hapo ndipo inapoonekana kanuni ambayo wafasiri wengi wameipita bila kuitambua: sauti za namna hii katika Kiswahili ni matendo ya mtu kwa mtu. Kusonya, kuzomea, kung'aka, kila kimoja kina mwenye kutenda na mwenye kutendewa. Hasira isiyomwelekea mtu waziwazi haina sauti. Ina uvimbe na joto.

Mfano wa kubuni utalionyesha jambo hili. Karani wa kituo anakaripiwa na mkubwa wake mbele ya abiria, bila kosa. Hadithi ya Kiingereza ingesema kwamba alijibu "Ndiyo, bwana," na ingetumia kitenzi "hiss". Mfasiri akiandika kwamba karani alifoka, amemwachisha kazi. Akiandika kwamba alisonya, amemfanya mtovu wa adabu, na msomaji atamhurumia mkubwa. Lakini akiandika, "'Ndiyo, bwana,' alijibu polepole, ameuma meno, na shingo imemvimba," karani amebaki na heshima yake, na hasira yake imebaki ilipokuwa. Tofauti si ya mapambo. Ni tofauti ya nani mwenye haki katika hadithi.

Kanuni hiyo yaweza kupimwa katika tamthilia ya William Shakespeare iitwayo Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri, tafsiri ikatoka mwaka 1963 na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika tendo la kwanza Casca anasimulia jinsi umati ulivyompigia Caesar makofi na pia ulivyomtolea sauti hiyo ya "hiss", kama watazamaji wafanyavyo kwa wachezaji. Hapa hakuna hasira iliyofichwa. Kuna hukumu ya hadhara. Kitenzi kiitwacho na maana ni kuzomea, ingawa kuzomea ni kelele nene na ile ya Kiingereza ni nyembamba. Sauti imebadilika, tendo limebaki. Lakini katika tendo la nne, Brutus na Cassius wagombanapo hemani, Brutus anamwambia mwenzake aimeze sumu ya hasira yake hata kama itampasua. Hapo Shakespeare mwenyewe ameacha sikio akatumia jicho: sumu iko ndani, mwili umejaa, ngozi inakaribia kupasuka. Msemaji wa Kiswahili yuko nyumbani kwake, kwa kuwa kwake pia watu huvimba na kupasuka kwa hasira, na uchungu wao hukaa katika nyongo.

Huenda mtu akapinga kwamba njia hii inapoteza muziki wa Kiingereza, hasa jukwaani, ambako mchezaji anahitaji sauti na si maelezo. Pingamizi hilo lina uzito. Mfasiri wa mchezo hawezi kuandika shingo. Hana budi kuchagua maneno yatakayomlazimisha mchezaji kuyatoa kwa pumzi iliyobanwa, na silabi zenye s, sh na f zitamsaidia. Hiyo ni kazi ya sikio, nayo ni ngumu. Lakini kazi hiyo inakuja baada ya kujua tendo ni lipi, siyo kabla.

Kwa hiyo Kiswahili hakikukosa neno. Kimekataa kuipa sauti hasira ambayo mwenyewe ameinyima sauti, na katika kukataa huko mna hekima. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mfasiri anayeujaza ukimya huo kwa kelele za haraka humnyang'anya msomaji mshindo kabla haujafika.