Ndani ya Ngozi, Si Chini Yake

Katika chanjo zote anazopewa mtoto kwenye kliniki za mji wa Babati, ya BCG, ile ya kifua kikuu, ndiyo inayodai ufundi mwingi mkononi mwa muuguzi. Dozi ya kichanga ni mililita 0.05, kiasi cha tone moja la maji. Tone hilo sharti likae ndani ya ngozi yenyewe, na ngozi ya mtoto mchanga ina unene wa milimita moja hivi. Likizama zaidi ya hapo, mtoto anaweza kuota jipu au kuvimba matezi ya kwapa. Likivuja nje, chanjo imepotea.

Nimekaa kwenye benchi pamoja na akina mama wa Bonga, Singe na Nangara nikimtazama sista mmoja akiifanya kazi hii, wala sichoki kumtazama. Huanza mapema kabla ya sindano. Chanjo huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa cha kahawia, kwa sababu mwanga huiharibu. Huyeyushwa kwa maji maalumu iliyokuja nayo, nayo yakiwa yamepoa kati ya nyuzi 2 na 8. Sista hakitikisi kichupa. Anakizungusha taratibu hadi unga uishe kuyeyuka. Tangu hapo ana saa 6 tu, kisha kilichobaki kinatupwa. Kichupa kimoja kina dozi 20, ndiyo maana vituo vingi hutenga siku ya BCG ili vichanga wakusanyike.

“Mama, mshike mkono vizuri, asiurushe.”

Anaivuta ngozi ya bega la kulia kwa vidole viwili, anailaza sindano karibu ilingane na mkono wa mtoto, tundu la ncha likitazama juu, kisha anaingiza ncha peke yake. Anasukuma polepole. Kidole chake kinatafuta ukinzani: ngozi ikigoma kupokea, yuko mahali pake. Dawa ikiteleza kwa wepesi, sindano imezama. Anasimama na kuirekebisha. Ikikaa sawasawa, kinainuka kivimbe cheupe chenye vitundu vidogo kama ganda la chungwa. Anakikagua kabla ya kuchomoa. Mtoto analia, mama anambembeleza, yeye bado anatazama kivimbe.

Ukali huu wote una sababu. Ngozi imejaa seli zenye matawi, ziitwazo dendritiki, ambazo kazi yao ni kupapasa kila kinachoingia. Zinawameza bakteria wa chanjo, walio hai ila wamedhoofishwa, halafu zinasafiri na vipande vyao kwa mishipa ya limfu mpaka kwenye matezi ya kwapani. Humo zimo seli T kwa mamilioni, na kila moja imeumbwa kutambua umbo lake tu. Kipande kinaonyeshwa kwa hii, kwa ile, kwa nyingine, mpaka ipatikane inayokitambua. Ikishapatikana inagawanyika, na uzao wake unasafiri hadi begani.

Seli hizo zinapofika zinakuta vita haijaisha. Seli kubwa zinazoitwa makrofaji zimekwisha kuwameza bakteria, lakini jamii hii ina ukuta wenye nta na inaweza kuishi tumboni mwa seli iliyoimeza. Seli T zinatoa kemikali, intaferoni gama, ambayo huzipa makrofaji nguvu ya kuua zilichokimeza. Baadhi ya seli T hubaki kwa miaka zikiwa na kumbukumbu ya adui huyo. Sijui fundi mwingine mwenye subira ya namna hii.

Kwa macho ya mama, haya yote ni kipele kinachotokea baada ya wiki kadhaa, kikageuka kidonda kidogo, kisha kovu.

“Sista, nitie nini hapa?”

“Usitie kitu, mama. Si spiriti, si mafuta, si dawa ya kienyeji. Kioshe kwa maji, kiache.”

Nampenda kwa jibu hilo. Anajua mahali mkono wake unapokoma na kazi ya mwili inapoendelea.

Subira hiyo ni ya tangu mwanzo wa chanjo yenyewe. Albert Calmette na Camille Guérin, huyu wa pili akiwa daktari wa mifugo, walianza mwaka 1908 huko Lille, Ufaransa, na bakteria aliyetoka kwa ng'ombe mwenye kifua kikuu. Walimwotesha juu ya viazi vilivyotiwa nyongo na gliserini, wakamhamisha kila baada ya wiki chache, mara 230 katika miaka 13, Vita Kuu ya Kwanza ikipita katikati. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921.

Asili hiyo ya ng'ombe inatuhusu sana hapa Manyara, penye mifugo mingi, maana kifua kikuu cha ng'ombe humfikia mtu kwa maziwa mabichi. Nayo BCG ina mipaka: humkinga mtoto mdogo hasa na kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwilini, lakini kwa mapafu ya mtu mzima kinga yake si ya kutegemea. Basi sista anapojaza kadi huongeza maneno mawili: maziwa yachemshwe, na babu anayekohoa nyumbani zaidi ya wiki 2 aletwe apimwe makohozi.