Unyevu Ndani ya Nyumba: Somo Kutoka Magoda

Nyumba ya udongo na makuti ina kasoro zake, lakini ni nadra nguo kuozea ndani yake. Ukuta wa udongo hunywa unyevu usiku na kuurudisha hewani mchana, na kati ya ukuta na paa pana uwazi unaopitisha hewa. Leo Magindu, mkoani Pwani, kama kwingineko Kibaha na Kisarawe, mwenye uwezo anajenga kwa tofali la saruji, bati, silingi bodi na dirisha la alumini la kuteleza, lile ambalo hata ukilisukuma lote hufunguka nusu tu. Ule uwazi wa juu tumeuziba kwa kuogopa mbu na wezi. Masika yakiingia, viatu vya uvunguni vinaota ukungu na begi la ngozi linageuka kijani.

Tunailaumu mvua, kumbe maji mengine tunayatengeneza wenyewe. Chukua mtungi wa gesi wa kilo 6. Gesi ile ikiungua, haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni, na kila kilo huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji yaliyo mvuke. Mtungi unapokwisha, zaidi ya lita 9 zimeshaingia hewani, mbali na mvuke wa sufuria yenyewe. Mkaa hautoi maji kiasi hicho, ingawa una sumu yake, na isitoshe jiko lake lilikaa uani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo, gesi ikiwemo, ifikapo 2034. Naunga mkono kabisa. Ila gesi imelihamishia jiko ndani, na nyumba zetu hazikuchorwa kwa ajili hiyo.

Mfano wa kujifunza uko Magoda, wilayani Muheza, Tanga. Huko wasanifu majengo wa kampuni ya Ingvartsen kutoka Denmark, wakishirikiana na watafiti wa malaria, walijenga nyumba sita za majaribio. Walilenga mbu na joto, lakini dawa waliyotumia inafaa kwa unyevu pia: kuta nyepesi za mianzi, mbao au wavu wa kivuli, zinazopitisha hewa na kumzuia mbu, na baadhi ya nyumba zikapandishwa ghorofa moja. Matokeo yalichapishwa 2017. Ndani palikuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 2.3 kuliko nyumba za kawaida, na katika zile za ghorofa mbu walipungua kwa asilimia 96. Baadaye wazo hilo lilipelekwa Mtwara, zikajengwa nyumba 110.

Hakuna atakayebomoa ukuta wa bloku Magindu aweke mianzi. Kinachowezekana ni kutoboa matundu juu ya kuta mbili zinazotazamana, jikoni kwanza, kisha kuyafunika kwa wavu wa mbu. Tundu moja halitoshi. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

Na saa ya kufungua madirisha ina maana. Wengi hufungua alfajiri na kufunga mchana kukwepa jua na vumbi. Hewa ya alfajiri ndiyo imeshiba maji. Ya saa saba hadi saa kumi, kwa kuwa ni ya moto, ina nafasi ya kubeba zaidi. Kabati nalo lifunguliwe saa hizo, na livutwe kidogo kutoka ukutani.

Ukuta unaobabuka lipu chini, wenye unga mweupe wa chumvi, ni kesi nyingine. Hapo maji yanapanda kutoka ardhini, na rangi ya mafuta inayafungia ndani yapande juu zaidi. Ni hasara tupu. Kama ndiyo kwanza unajenga, msimamie fundi atandike nailoni nzito kabla ya kumwaga jamvi, na nyingine juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza la ukuta. Nyumba ikishasimama, kazi hiyo ni ya kukata ukuta, na ni ghali.