Kesi ya Nyani na Ukurasa Uliorukwa

Mwaka huu tuliwaonyesha vijana wa parokia sinema ya zamani ya Kimarekani iitwayo "Inherit the Wind". Wasomao Kifaransa huijua kwa jina la "Procès de singe", yaani Kesi ya Nyani. Ilitengenezwa na Stanley Kramer mwaka 1960, kwa kufuata mchezo wa Jerome Lawrence na Robert E. Lee uliochezwa mara ya kwanza mwaka 1955. Tulitandika shuka ukutani, tukawasha mashine, vijana wakatulia saa mbili nzima. Lakini pale mzee Brady, mtetezi wa Biblia, alipobanwa na maswali ya avoka Drummond, wakaanza kucheka. Sisi pia tulicheka, hatufichi. Taa zilipowashwa, mwanafunzi mmoja wa sekondari akatuuliza: "Katekista, basi tuchague nani, Darwin au Mungu?" Jibu letu la usiku ule lilikuwa dhaifu. Tangu hapo tumesoma habari za kesi yenyewe, na leo twapenda kuipima sinema hii kwa haki.

Ni sinema nzuri, tusidanganyane. Spencer Tracy achezaye Drummond, na Fredric March achezaye Brady, ni mafundi wa kweli. Joto la tribinali ile twalisikia hata sisi tulioketi mbali: mashati yamelowa, watu wajipepea, hakimu apangusa jasho. Mwalimu kijana, jina lake Cates, yuko gerezani kwa kuwa amewafundisha watoto mageuko ya viumbe, yaani kwamba vyote vyenye uhai, na mwili wa mtu pamoja navyo, vilitoka polepole katika viumbe vya zamani zaidi. Mji mzima wamchukia. Mchungaji wa mji, katika sala ya usiku, amlaani hata binti yake mwenyewe kwa sababu ampenda mwalimu yule. Ndipo Brady anamzuia, na kumkumbusha neno la Mithali 11, 29, ambamo jina la sinema limetoka. Hilo twalisifu: watungaji hawakumfanya Brady kuwa mtu asiye na moyo. Na mwishoni, Brady akiisha kufa, Drummond anamkemea mwandishi wa gazeti amchekaye marehemu. Halafu anapima mikononi Biblia na kitabu cha Darwin, anaviweka pamoja, na kwenda zake.

Lakini kesi ya kweli haikuwa hivyo. Ilifanyika Dayton, katika Tennessee, tangu tarehe 10 hata 21 Julai 1925. Mwalimu John Scopes hakulala gerezani. Shirika la kutetea haki za raia lilikuwa limetangaza gazetini kwamba latafuta mwalimu atakayekubali kushtakiwa, ili sheria ya kukataza mafundisho yale ijaribiwe mbele ya tribinali. Wakubwa wa Dayton, wakiwa katika duka la dawa, wakamwita Scopes na kumwuliza kama akubali. Walitumaini kesi italeta watu na biashara mjini. Alipotozwa faini ya dola 100, William Jennings Bryan, ambaye katika sinema aitwa Brady, alijitolea kuilipa yeye mwenyewe. Wala hakuanguka tribinalini: alifariki usingizini siku tano baada ya kesi.

Watungaji wa mchezo walisema wazi kwamba hawaandiki historia. Walikuwa na kilio kingine, maana katika miaka yao Marekani iliwawinda watu kwa kuwashuku ukomunisti. Ni haki yao. Lakini vijana wetu hawakuambiwa hayo, na waliondoka wakiamini kwamba wameona mambo yalivyotokea.

Tuje kwa lile jambo lililotuchekesha. Tarehe 20 Julai, kwa ajili ya joto, tribinali ilihamia nje, na Bryan akakubali kuulizwa na avoka Clarence Darrow juu ya Yona na samaki, juu ya Yoshua na jua, juu ya mke wa Kaini. Katika sinema, Brady avutwa mpaka akiri kwamba siku ya kwanza ya uumbaji labda haikuwa ya saa 24, na neno hilo lamtoka kama jino ling'olewalo. Kumbe Bryan wa kweli alisema mwenyewe kwamba hazikuwa siku za saa 24! Hata hivyo alikuwa amekwisha kukosea mahali pa kusimama. Alikubali kuitetea imani kwa kuhesabu saa na samaki, na kwa uwanja huo Darrow alikuwa na nguvu kuliko yeye.

Hapa yatupasa kujipiga kifua. Tulipoanza kazi ya ukatekista, tuliwaambia watoto kwamba atiliaye shaka siku sita za saa 24 amekwisha kuikana imani. Hatukufundishwa hivyo seminarini. Mtakatifu Augustino, alipofafanua kitabu cha Mwanzo, aliona shida kuzielewa siku zile kama siku zetu, maana jua lenyewe laumbwa siku ya nne. Tena aliwaonya Wakristu wasiseme mambo ya ovyo juu ya nyota na dunia mbele ya watu wanaoyajua, wasije wakayafanya Maandiko yachekwe. Mwaka 1950 Papa Pio XII, katika barua "Humani Generis", aliruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu umetoka katika kiumbe kilichotangulia, akishika kwamba roho yaumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliongeza kwamba mafundisho ya mageuko yamekuwa zaidi ya kisio tu. Yule mwanafunzi, basi, hakuhitaji kuchagua. Tulipaswa kumwambia hivyo usiku ule ule.

Lakini kuna jambo lingine, na hilo ndilo lililotunyima usingizi.

Kitabu alichotumia Scopes hakikuwa cha Darwin. Kilikuwa "A Civic Biology" cha George William Hunter, kilichotolewa mwaka 1914, kitabu cha shule kilichoidhinishwa na serikali ya Tennessee. Ndani yake, baada ya kueleza mageuko, mwandishi agawa wanadamu katika mataifa matano, na kuwaweka weupe wa Ulaya na Amerika juu ya wote. Kurasa nyingine zasema juu ya jamaa za maskini, walevi na wenye akili dhaifu: awaita kupe wa jamii, na kusema kwamba kama wangalikuwa wanyama labda wangaliuawa, kwa kuwa ni watu, yafaa wafungiwe na kuzuiwa wasizae. Hayo ndiyo waliyosomeshwa watoto wa Dayton! Watungaji wa mchezo wakitaja kitabu cha Hunter kwa jina, lakini wasimulia kana kwamba ndani mna Darwin tu, na ukurasa ule haufunguliwi kamwe. Mtazamaji aletewa mizani yenye vitabu viwili, cha tatu kimefichwa chini ya meza.

Na sisi wa Kongo tuna sababu ya kukitafuta hicho cha tatu. Mwaka 1904, katika enzi ya mfalme Leopold, Mmarekani mmoja, Samuel Verner, alimchukua Ota Benga, kijana wa misitu yetu, akampeleka kwenye maonyesho ya Saint Louis. Septemba 1906 kijana huyo akawekwa katika nyumba ya nyani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na sokwe, na watu maelfu wakaja kumtazama. Nani waliopiga kelele? Wachungaji weusi wa Kibaptisti, James Gordon akiwa mbele yao. Hawa nao hawakumpenda Darwin, lakini hawakubishana juu ya saa 24. Walisema kwamba huyu ni mtu mwenye roho. Ota Benga akatolewa pale. Tangu hapo hakurudi tena kwao. Mwaka 1916, huko Lynchburg katika Virginia, alijiua kwa bunduki. Wenye bustani ile waliomba radhi mwaka 2020.

Je, Bryan alikuwa mtetezi wa watu kama Ota Benga? Laiti tungaliweza kusema ndiyo. Alikishika kitabu cha Hunter mbele ya tribinali, akalalamikia mchoro uliomtia mtu katika kiduara kimoja na wanyama 3,500 wanyonyeshao. Ukurasa wa mataifa hakuulalamikia. Mwaka 1924 alikuwa amekishauri chama chake kisiwalaani Ku Klux Klan kwa jina. Ni kweli kwamba katika hotuba yake ya mwisho, ambayo hakupata nafasi ya kuisoma, aliandika vema dhidi ya wazo la kuwaacha wanyonge wafe. Lakini Darrow, asiyeamini, mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1925 alikwenda Detroit kumtetea daktari mweusi, Ossian Sweet, aliyeshtakiwa kwa sababu nyumba yake ilizingirwa na weupe, na risasi ikamwua mmoja wao. Tena mwaka 1926 akaandika dhidi ya wale waliotaka kuchagua nani azae. Twaona haya kidogo kuandika hivyo katika gazeti letu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nafasi iliyoachwa wazi na Bryan Eklezya yetu iliishika baadaye: Desemba 1930, katika "Casti Connubii", Papa Pio XI alikataza serikali kuharibu uzazi wa watu wasio na kosa.

Tusimtupie Darwin kila kitu. Yeye aliuchukia utumwa, alishika kwamba wanadamu wote wana asili moja, na mwaka 1871 aliandika kwamba yaelekea wahenga wetu wa kwanza waliishi Afrika. Uchunguzi wa siku hizi umempa haki, na ngazi ile ya Hunter imevunjwa na wataalamu wenyewe. Basi sinema ingaliweza kuwa na ugomvi mkali zaidi: elimu ya kweli na imani ya kweli, pamoja, dhidi ya ukurasa mmoja wa uongo. Kramer alikuwa na wachezaji wa kuubeba. Akatupa mzee wa kuchekwa.

Wakati wa Pasaka tutaionyesha tena, maana wengi waliikosa na wanatusumbua. Mara hii, kabla ya kuzima taa, tutawasomea ukurasa wa Hunter na kuwasimulia habari za Ota Benga. Yule mwanafunzi tumemwomba aje na swali lake. Amejibu kwamba atakuja, na kwamba analo lingine.