Hesabu Zinazoanzia Kondeni

Muulize bibi wa Makunduchi mwaka huu amevuna muhogo kiasi gani, naye atakujibu, "Tumekula, mwanangu, na mwengine bado umo." Kwa mwenye haraka hilo si jawabu. Kwa mchumi wa kilimo aliyefundwa akafundika, kazi ndiyo kwanza inaanza hapo. Muhogo hauvunwi siku moja ukatiwa ghalani. Hung'olewa mashina mawili leo kwa chakula cha mchana, matatu Ijumaa wageni wakija, mengi zaidi siku ya kutafuta pesa za sare za skuli. Konde lenyewe liko maweni, udongo umejificha baina ya mawe, na humo humo mna mbaazi, kunde na mtama. Hakuna gunia la kuhesabu, wala eka iliyonyooka ya kuvuta tepu. Hata hivyo chakula kimepatikana, jasho limetoka, na nchi inataka kujua ni kiasi gani.

Nawasifu watu wanaokubali kukaa kitako na jawabu kama hilo. Hupita kwanza kwa sheha, wakaongozana na bwana shamba au bibi shamba anayezijua njia za makondeni. Hupiga hodi, wakasalimiana, wakaulizana hali, na dodoso hubaki mkobani mpaka wenyeji waridhike. Mkulima wa Cheju akisema amepata mapolo manne ya mpunga, mtafiti mzuri haandiki manne akaenda zake. Huomba kuliona polo, akalipima kwa mizani, kwani polo lililoshindiliwa na polo lililofungwa likalegea hayalingani. Huuliza nani alilima, nani alipalilia, nani aliamia ndege, kwa siku ngapi, na nani alipika huku akifanya hayo yote. Kazi ya mke isipoulizwa haimo kitabuni, na bajeti ikipangwa Mjini haitaiona.

Kuna imani moja inayobeba fani hii: mkulima anayo sababu. Katika miaka ya 1960 Michael Collinson, mchumi aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Ukiriguru karibu na Mwanza, alikuta wakulima wa Usukuma wanahimizwa kupanda pamba mapema, nao hawafanyi hivyo. Wepesi wa kulaumu walisema ni ukaidi. Yeye alitazama kaya inavyozigawa siku zake za kazi, akaona mvua za mwanzo zinataka mikono ile ile kwa ajili ya chakula. Aliyechelewesha pamba alikuwa analinda sufuria ya nyumbani kwake. Theodore Schultz wa Chicago alikuwa ameandika mwaka 1964 kwamba mkulima maskini hutumia vyema kile alichonacho, na mwaka 1979 akapata Tuzo ya Nobel. Schultz alilijenga wazo hilo kwa nadharia na kwa takwimu zilizokusanywa na wengine. Collinson alilitafuta shamba kwa shamba, nami moyo wangu uko zaidi kwa huyu wa pili.

Unguja imeishi na hesabu za namna hii kwa muda mrefu, na si zote zilimfaa mkulima. Karafuu zilianza kupandwa mwanzoni mwa karne ya 19, Mtoni na Kizimbani. Kimbunga cha 1872 kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo inayobeba zao hili. Mwaka 1933, bei ikiwa imeporomoka dunia nzima, maofisa wawili, Bartlett na Last, walichunguza madeni ya wenye mashamba. Mashamba mengi yalikuwa yamewekwa rehani. Mwaka 1934 zikaja sheria za ardhi na mikopo pamoja na Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1937 biashara ya karafuu ikatiwa mikononi mwa jumuiya hiyo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia, na India, mteja mkubwa, ikawaunga mkono mpaka yalipofikiwa makubaliano mwaka 1938. Mtu aliyeanika karafuu zake kwenye jamvi kijijini akajikuta bei yake inategemea mgomo wa Bombay. Ndiyo maana mchumi wa kilimo hawezi kubaki kondeni tu. Hana budi alifuate zao mpaka bandarini Malindi, na ng'ambo ya huko.

Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, liliundwa mwaka 1968 likawa mnunuzi pekee. Kwa miaka mingi sehemu aliyopata mkulima ilikuwa ndogo, kisha Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu nyingi kwa sigara zake za kreteki, ikapanda mikarafuu yake yenyewe hadi ikajitosheleza. Katika miaka ya 1980 bei ikaanguka vibaya. Mkulima alijibu kwa vitendo: mikarafuu ikaachwa ndani ya magugu, na karafuu nyingine zikavuka usiku kwa magendo kwenda Kenya. Mwaka 2011 serikali ilipandisha malipo, mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Uamuzi kama huo hausimami bila ya mtu kuketi akahesabu ujira wa mchumaji kwa pishi, kazi ya kuchambua na kuanika, jua likikosekana siku tatu mfululizo, na mwenyewe kuungoja mkarafuu mmoja miaka sita hadi minane kabla haujazaa.

Hapo ndipo lilipo suala la ardhi, ambalo naona bado halijachimbwa vya kutosha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, na kuanzia 1965 watu wakagaiwa eka tatu tatu. Mababu waliopewa wengi wametangulia mbele ya haki, na wajukuu wanazigawana eka zile. Nani atapanda mti wa miaka minane mahali ambapo hana hakika kama ataachiwa? Miche ya bure haitoshi kulijibu suala hilo. Linataka mtu wa kukaa na familia, kuuliza urithi ulivyopita, na kuuweka wasiwasi huo ndani ya hesabu.

Pwani ya mashariki hesabu ni nyingine. Utafiti wa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulifungua njia, na mwaka 1989 kilimo cha mwani kikaanza Paje na Jambiani. Wengi wa wakulima wake ni wanawake. Bamvu likifika hushuka na kamba, vigingi na mbegu, wakainama majini kwa saa kadhaa kabla bahari haijarudi. Baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Ukizigawa shilingi kwa saa, malipo ni kidogo mno. Lakini pesa hiyo ni yao, na wengi wameipeleka kwenye kusomesha watoto na kujenga. Mchumi mwenye adabu huandika yote mawili, bila ya kuliacha moja limeze jengine. Huandika pia kwamba mwani aina ya kottonii, wenye bei nzuri zaidi, unakufa maji yakizidi joto, na kwamba kwa aina ya spinosumu inayobaki mkulima hana nguvu ya kupanga bei.

Wengi wa wanaofanya kazi hii wamepitia Morogoro, ambako kitivo cha kilimo kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Kizimbani nako, ilipoanza mikarafuu, vijana wanasomea kilimo. Mwalimu ninayemthamini kuliko wote ni yule anayewalazimisha wanafunzi wake wazirudishe hesabu walikozitoa. Majadweli hutundikwa barazani kwa sheha, yakasomwa kwa sauti. Wanawake huyasikiliza, kisha mmoja husema, "Hapa hamkutia siku za kuokota mwani uliokatika kwa upepo." Mwengine anakataa, anasema zimo. Mabishano yanapamba moto, wanafunzi wanatoa kalamu, na jadweli linaanza kupangwa upya papo hapo.